Ankara Tisa za Ikonge

"Soma," alisema Sajenti Haron Mose.

Purity Nyamoita alisimama mbele ya meza yake mwenyewe, mikono nyuma, kana kwamba meza ilikuwa ya mtu mwingine. Juu yake Haron alikuwa amepanga ankara tisa kwa mstari ulionyooka, maana alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Ilikuwa Jumanne, saa tano na robo asubuhi, katika ofisi ya chini ya Ritongo Pembejeo, ghala la chakula cha mifugo pale Kiogoro. Mashine ya kusaga ambayo hunguruma nyuma ya ukuta kutwa nzima ilikuwa kimya. Haron ndiye aliyeamuru izimwe. Alitaka kila neno lisikike.

Watu wengine chumbani walikuwa watatu. Bathsheba, karani mkubwa, alikuwa mbele ya kompyuta. Meneja Sylvanus aliegemea kabati la mafaili, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Na kwenye kiti karibu na mlango aliketi Mzee Jethro Onyancha, mwenye duka huko Ikonge, kofia yake magotini. Mzee ndiye mteja aliyeandikwa katika ankara zote tisa. Tena ndiye baba mkwe wa Purity.

Jambo lenyewe, kwa Haron, lilikuwa wazi hata kipofu angelipapasa. Magunia mia mbili na saba yalikuwa yametoka ghalani tangu Machi, ishirini na matatu kila safari, na yote yakaandikiwa mzee huyu kwa mkopo. Hakuna shilingi iliyolipwa. Mzee aliapa kwamba hakuona hata gunia moja. Na ni nani aliyekuwa na kazi ya kukagua kila ankara kabla haijatumwa? Mke wa mwanawe. Kesho yake, kabla ya saa kumi jioni, Haron alitakiwa kutuma taarifa kamili kwa kiongozi wa mashtaka. Alhamisi saa tatu asubuhi Purity angesimama kizimbani, na kampuni ingeruhusiwa kubeba kila kilichomo katika duka la mzee.

"Nimekwambia soma. Kama unavyosoma kila siku."

Purity alichukua karatasi ya kwanza. "Tarehe tisa Machi," alisoma. "PIN ya kodi ya mteja..." Akaitaja herufi kwa herufi. "Chakula cha ng'ombe wa maziwa. Magunia ishirini na tatu."

"Umeruka jina."

"Afande, si unaliona hapo?"

"Mimi nina macho. Nataka masikio. Mteja ni nani?"

"Wa Ikonge."

"Ikonge ina watu wangapi? Jina."

Purity aliinamisha kichwa. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Bathsheba alifungua kinywa kusema kitu, Haron akainua kidole, naye akakifunga. Meneja Sylvanus akasema taratibu kwamba mtu asiye na hatia hawezi kuogopa maandishi.

"Mara ya tatu na ya mwisho," alisema Haron. "Usiposoma nitaandika kwamba umekataa kumtambua mshirika wako."

Alilisoma. "Jethro Onyancha," alisema, kwa sauti ndogo iliyofika kila pembe ya chumba kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa.

Bathsheba alijifunika uso kwa viganja. Mzee alisimama, akavaa kofia, akatoka bila kumtazama mtu. Haron aliangalia saa akaandika katika daftari lake: *Saa 5:20. Mshukiwa alitaja jina la mteja baada ya kuamriwa mara tatu. Mzee akatoroka chumbani.* Alipiga mstari chini ya sentensi ya mwisho, akaridhika; jioni ile angeyatuma maneno hayo kwa kiongozi wa mashtaka katika taarifa ya awali, akiongeza kwamba mshukiwa alisita kwa sababu ya hatia. Purity alipelekwa kituoni Kisii, na alipopita mlangoni alipita kwa upande, akikwepa kile kiti kitupu.

*

Jumatano asubuhi Haron alirudi kuchukua mafaili ya vielelezo. Alimkuta Bathsheba peke yake.

"Bwakire," alisalimu, kwa Ekegusii chake cha kuokoteza.

Bathsheba aliendelea kupanga karatasi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, sweta la kahawia, miwani iliyofungwa uzi. Aliposema, alisema Kiswahili, kama anavyozungumza mtu na mgeni.

"Faili iko hapo. Chukua, weka sahihi, enda."

"Umekasirika, mama."

"Mimi ni nani nikukasirikie? Wewe ni serikali."

Haron alivuta kiti. Miaka kumi na moja ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba shahidi aliyenuna ana neno, na neno hilo halihitaji kuvutwa, linahitaji kungojewa. Akangoja. Bathsheba aligonga karatasi mezani mara tatu ili zilingane, akazilaza.

"Kwenu ni wapi?"

"Baba ni wa Kiogoro hapa hapa. Mama alizaliwa Sironga. Lakini mimi nimezaliwa Nakuru, nikasomea huko."

"Ndiyo maana." Alivua miwani. "Jana ulimvua nguo yule msichana mbele ya baba ya bwana yake. Unajua hiyo?"

"Nilimwambia asome jina tu."

"Jina tu." Bathsheba alicheka bila furaha. "Mtoto wangu, hapa kwetu kuna kitu inaitwa chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu nzuri, ile inashikilia boma isianguke. Mzee haingii chumba cha kulala cha mke ya mtoto wake. Hawapeani mkono. Hawakai wakiangaliana macho. Na yeye jina ya huyo mzee hataji. Purity ameolewa miaka sita na hiyo jina haijawahi kutoka kwa mdomo yake, hata kwa maombi. Wewe ukaitoa kwa lazima, mwenyewe akiwa ameketi hapo, mashine imezimwa ndio asikie vizuri."

Haron alimkumbuka mama yake, ambaye mpaka siku ya mazishi alimwita babu, baba mkwe wake, "yule mzee". Utotoni Haron aliamini mama yake alimchukia babu, na akakua akimchukia kidogo kwa niaba yake. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza. Mwacha mila ni mtumwa, husema wazee, lakini hata mtumwa hujua amri za nyumba anayofanyia kazi. Yeye hakujua hata hilo. Masikio yalipata joto mpaka akayagusa.

"Mbona hakuniambia?"

"Akwambie aje? Aseme, 'afande, siwezi kutaja,' huku mwenyewe anasikia? Kueleza ni aibu ile ile. Heri kujikwaa kidole, afande. Ulimi ukijikwaa, hiyo imeenda."

Aliinuka akawasha kompyuta, si kwa sababu ya kazi, alihitaji tu kumpa mgongo. Kwenye kioo palikuwa na rasimu za ankara zilizongoja kukaguliwa. "Ni kama hizi," alisema. "Ukishabonyeza 'tuma', imeenda kwa watu wa kodi, imeenda kwa mteja. Huwezi kuifuta. Unaandika ingine ya kurekebisha, na ile ya makosa inabaki pale pale, kila mtu aione. Ndiyo maana tunasoma kwa sauti kwanza."

Haron alikuwa na aibu kiasi cha kutaka kuondoka, na pengine angeondoka. Lakini upelelezi ulimshika shati. Kama Purity hataji jina lile kamwe, basi ankara za mzee zilikaguliwaje?

"Nionyeshe mnavyofanya," alisema. "Tafadhali, mama."

Bathsheba alionyesha kidole ukutani. Palikuwa na tangazo lililochapwa, limetiwa plastiki, na chini yake sahihi ya Meneja Sylvanus: *KILA ANKARA ISOMWE KWA SAUTI KABLA YA KUTUMWA. NUKTA NNE NYEKUNDU: JINA, PIN, BIDHAA, IDADI.*

"Tunachapisha rasimu. Purity anashika rasimu na karatasi ya mzigo, anasoma. Mimi naangalia kwa kompyuta. Kila kitu ikiwa sawa anaweka nukta kwa kalamu nyekundu. Ikiwa mbaya, tunarekebisha, tunaanza tena. Zikifika nne, natuma, rasimu inaingia kwa faili."

"Na ikiwa ya mzee?"

"Anasema 'wa kwetu'. Mimi najua ni nani. Ananisukumia karatasi, jina naangalia mwenyewe, naweka alama yangu ya kalamu ya buluu. Halafu anaendelea na hizo zingine tatu."

"Nukta ya jina anaiweka?"

"Ataweka nukta aje kwa kitu hajasoma?" Bathsheba aligeuka, amekereka kweli sasa. "Purity si mwongo."

Haron alivuta faili la Ikonge. Ndani mlikuwa na rasimu ishirini na nane. Kumi na tisa zilikuwa za mizigo ambayo mzee mwenyewe alikiri kuipokea na kuilipia. Alizitandaza mezani moja moja. Nukta tatu nyekundu, alama ya buluu penye jina. Nukta tatu, alama ya buluu. Zote kumi na tisa, bila kukosa hata moja.

Kisha akazitandaza zile tisa. Penye jina, nukta nyekundu. PIN, nyekundu. Bidhaa, nyekundu. Idadi, nyekundu. Buluu haikuwepo popote.

Aliketi. Alikuwa amezihesabu nukta hizo siku ya Jumamosi, kesi ilipofunguliwa, kwa mkono wake, na katika daftari akaandika: *Nukta nne kila ankara. Purity alikagua zote, kwa hiyo alijua.* Ushahidi aliouwekea matumaini yake yote ulikuwa unamcheka.

"Mama," alisema polepole. "Hizi tisa umewahi kuziona?"

Bathsheba alivaa miwani, akainama. Alizigeuza moja moja, mbele na nyuma.

"Hii haikupita hapa," alisema mwishowe. "Hakuna moja imepita hapa."

"Lakini zimetumwa kwa jina lako la kompyuta, saa ya chakula, wewe ukiwa umetoka na Purity amebaki peke yake. Nani mwingine ana nenosiri lako?"

"Yule alinipatia. Na anaweza kuitumia hata kwa kompyuta yake huko juu."

Haron alitazama tena ukutani, penye tangazo la plastiki. Aliyeziweka nukta zile aliijua kanuni kwa ukamilifu, kuliko walioifuata. Alichokosa kukijua ni chumba. Hakuwahi kukaa humu ndani hata asubuhi moja akasikia msichana akisema "wa kwetu" na kusukuma karatasi.

"Meneja hushuka kuwasikiliza mkisoma?"

"Huyo?" alisema Bathsheba. "Tangu aandike hiyo karatasi hajaingia hapa tukiwa kazini mpaka jana, alipokuja na wewe."

*

Ofisi ya Sylvanus ilikuwa juu, na dirisha lake lilitazama geti. Alikuwa mtu wa adabu. Alimkaribisha Haron kwa mikono miwili, akampa soda, akasikitika kwamba kesi ya namna hii imeikuta kampuni inayoanza kila Jumatatu kwa maombi.

"Ninamalizia taarifa," alisema Haron. "Kuna sehemu ya utaratibu ambayo sikuielewa vizuri. Nisaidie."

"Uliza tu, afande."

"Huyu Purity, akifikia ankara za mkwe wake, alikuwa akizisoma vipi?"

"Kama zingine."

"Umemwona?"

"Kila wiki. Mimi nashuka, nasimama pale mlangoni, nasikiliza. Meneja lazima ajue watu wake."

"Anaanza na nini?"

"Jina. Jina ndio la kwanza. Analisoma, anaweka nukta. PIN, nukta. Bidhaa, nukta. Idadi, nukta." Kila alichotaja alikihesabu kwa kidole. "Hata mimi nilishangaa vile alikuwa anataja jina ya mzee bila wasiwasi. Hawa watoto wa siku hizi."

Haron alikuwa akiandika. Aliirudia sentensi ile ya mwisho ili Sylvanus aikubali, na Sylvanus akaikubali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nayo hii ilikuwa imefika ukingoni kabla soda haijafunguliwa.

"Bwana Sylvanus, wewe ni Mgusii wa hapa. Hukujua kwamba hawezi kulitaja?"

"Nilijua hawatakiwi. Lakini kazi ni kazi."

"Ndiyo. Ulijua pia kwamba yeye na mzee hawawezi kuketi meza moja wakalinganisha karatasi. Mzee akiletewa deni, hatamwuliza mkaza mwanawe. Msichana akishukiwa, hatamtaja mzee. Kila mmoja ataona aibu kwa ajili ya mwenzake, na watanyamaza wote wawili." Haron alitoa rasimu mbili, akaziweka kando kwa kando. "Hii ni ya kweli, ina nukta tatu. Hii ni yako. Ina nne."

Sylvanus alizitazama. Alizitazama kama mtu anayejaribu kuhesabu mara ya pili ili ipatikane hesabu nyingine.

"Nukta si ushahidi, afande."

"Kweli kabisa." Haron alifungua kitabu cha mlinzi wa geti. Alikuwa nacho tangu Jumamosi, na aibu nyingine ilikuwa hiyo: alikuwa amekipekua kurasa zote akitafuta jina moja tu, la Purity, na asipolipata akakifunga. Leo alikuwa amekisoma upya kwenye ngazi, akisimama kila kidato. "Tarehe tisa Machi, saa nane kasorobo. Pikapu ya meneja, magunia, imefunikwa turubai. Tarehe ishirini na mbili Machi, saa nane kamili. Pikapu ya meneja, magunia, turubai. Niendelee?"

"Zilikuwa sampuli. Za kuonyesha wateja."

"Mara tisa, siku zile zile tisa. Wateja wako wanaonja magunia ishirini na matatu?"

Sylvanus alitoa kalamu moja mfukoni, akaifungua, akaifunga. Ilikuwa nyekundu. Aliona Haron ameiona, akaiweka juu ya meza mwenyewe, taratibu, akaomba apewe nafasi ampigie mke wake simu kabla hajaambiwa na watu wengine. Haron alimruhusu. Hakuhisi ushindi wowote. Alimsikia meneja akisema kwenye simu, "Kuna makosa kidogo imetokea," akafikiria kwamba yeye mwenyewe angeweza kusema maneno hayo hayo.

*

Saa saba mchana Haron alikuwa Ikonge. Angeweza kupiga simu, na barabarani kote alijiambia hivyo, lakini aliendelea kwenda. Duka la Mzee Jethro lilikuwa na mlango wa kijani, na nyuma yake majani chai yalipanda mlima hadi yakafika kwenye ukungu. Mzee alikuwa akimpimia mama mmoja chumvi ya ng'ombe. Alimaliza, akafunga karatasi kwa uzi, akamrudishia mama yule chenji, ndipo akamtazama mgeni.

"Umekuja kubeba?"

"Hapana, mzee. Hakuna mtu atakayebeba kitu. Aliyeiba tumempata, ni meneja. Deni si lako." Haron alivua kofia. "Nimekuja kuomba msamaha. Jana nilifanya kitu ambacho sikukijua. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini ningeweza kuuliza, na sikuuliza. Nikaandika hata kwamba ulitoroka."

Mzee alipangusa mizani kwa kitambaa, sahani moja, kisha nyingine.

"Mimi sikutoroka," alisema. "Nilitoka ili asinione nikisikia."

Haron alitazama sakafu. Alikuwa amewahoji wauaji bila kupepesa, lakini mbele ya mzee huyu hakujua aweke wapi mikono yake.

"Ameachiliwa?" mzee aliuliza.

"Leo, nikishatuma taarifa. Ila kabla ya saa kumi lazima niwe nimeituma."

"Atarudi nyumbani?"

"Nadhani."

"Hatarudi. Mimi namjua huyo mtoto. Ataenda kwao, aseme hawezi kuniletea chai na hiyo mdomo." Mzee aliweka kitambaa chini. "Utamwambia hivi. Mwambie mzee alikuwa ameketi mbali, kwa mlango. Mwambie mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Mzee hakusikia kitu."

"Mzee, mashine ilikuwa..."

"Kijana."

"Ndiyo, mzee."

"Mashine ilikuwa inanguruma."

"Ilikuwa inanguruma," alisema Haron.

*

Purity aliletwa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo cha Kisii saa tisa na dakika kumi. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa akakikunja kwenye mapaja, na hakuketi mpaka alipoambiwa. Haron alimweleza habari za Sylvanus kwa ufupi. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa mambo ya kijiji cha mbali.

"Kwa hivyo naenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani gani, afande?"

Ndilo swali ambalo Haron alilihofia kutoka Ikonge hadi hapa. Katika kazi yake alikuwa amewasikia watu wakimdanganya kila siku, naye alikuwa akijisifu kwamba yeye hajawahi kumdanganya mshukiwa.

"Nimetoka kwa mzee. Amenituma. Anasema jana alikuwa ameketi mbali, karibu na mlango, na mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma. Hakusikia kitu."

Purity alimkazia macho kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Mashine ilikuwa imezimwa. Ni wewe ulisema izimwe."

"Mzee anasema ilikuwa ikinguruma."

Mabega yake yalishuka, akalia bila sauti, akijifuta kwa kitambaa kile, na Haron alitazama ukuta ili asimwone. Maji yakimwagika hayazoleki, na mzee alijua hivyo kuliko wote. Lakini alikuwa amekataa kukiri kwamba kuna kilichomwagika, na adabu hiyo ilikuwa kubwa kuliko Haron alivyoweza kuibeba.

"Mpelekee salamu," alisema Purity alipopata sauti. Halafu akajisahihisha. "Hapana. Nitapika chai mwenyewe. Atajua."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Haron aligeuza kompyuta ndogo iliyokuwa mezani. Taarifa ilikuwa tayari, kurasa mbili, kidole kimoja tu kutoka kwa kiongozi wa mashtaka. Alikuwa pia ameichapisha. Alimsogezea karatasi, na juu yake akaweka kalamu nyekundu aliyoinunua njiani.

"Jana nilituma maneno bila kuyakagua," alisema. "Hii sitaki ipite hivyo. Ukiwa tayari, mimi nitasoma, wewe ukague."

Purity aliitazama kalamu. Aliichukua, akaijaribu ukingoni mwa karatasi, kwa mazoea.

"Haya," alisema.

Haron alisoma kwa sauti. Alisoma namba ya kesi na tarehe. Alipofika penye mteja alisema, "Wa kwenu," akaendelea. Hakuinua macho, lakini alisikia kalamu imepita bila kugusa mahali pale. Alisoma PIN, herufi kwa herufi. Nukta. Alisoma chakula cha ng'ombe wa maziwa. Nukta. Alisoma magunia ishirini na matatu mara tisa, jumla mia mbili na saba. Purity alipiga hesabu kwa midomo, akaweka nukta.

Ilibaki aya moja. Haron aliisoma polepole kuliko zote.

"Taarifa ya Jumanne ilisema kwamba mzee alitoroka, na kwamba mshukiwa alisita kutaja jina kwa sababu ya hatia. Yote mawili si kweli. Mzee aliondoka kwa heshima, na mama huyu alinyamaza kwa heshima. Taarifa ya kwanza isifutwe, ibaki kwenye faili pamoja na hii. Kosa ni la mpelelezi."

Kalamu haikusogea.

"Umeruka jina," alisema Purity.

"Lipo hapo chini, penye sahihi."

"Naliona. Lakini mimi nakagua, lazima lisomwe." Hakusema kwa ukali. Alisema jinsi anavyosema kila asubuhi pale Kiogoro, kidole chake kikiwa juu ya mstari. "Mpelelezi ni nani?"

Nje korido ilikuwa na watu, na mlango haukuwa umefungwa vizuri. Haron alihisi uso umemwaka kama siku ile darasa la tatu alipojikojolea mbele ya wenzake.

"Haron Mose," alisema.

Purity aliweka nukta ya nne, akaifunga kalamu.

"Iko sawa," alisema. "Tuma."